Charley Pride kufichwa sura: busara au dharau?

Mkulima wa Molo: Pride alikuwa Mmarekani mweusi, mwimbaji wa kantri. Albamu yake ya kwanza, Country Charley Pride, ilitoka 1966. Kabla ya hapo RCA, kampuni yake ya kurekodi, walipeleka santuri zake redioni bila picha, Wazungu wampende kwanza, rangi waijue baadaye. Mimi nasema walicheza kama wao. Nani angezipiga?

Binti Mvita: Mtu aimbe, uso ufungiwe kabatini, halafu tuite busara? Lakini nyinyi wa bara na kantri yenu ya matangani mtajulia wapi.

Mkulima wa Molo: Ya matangani? Dada, taarabu yenu ya kupigana vijembe tumeisema?

Chepkube: Tusidanganyane, Jim Reeves, naye wa kantri, amezika nusu ya kijiji chetu. Jeneza likianza kushuka tu, huyo.

Mkulima wa Molo: Reeves ni Mzungu wa Texas, alikufa na ndege 1964. Pride hata RCA hajaingia. Msichanganye mambo.

Mzee Kaseti: Marehemu baba alikuwa na kaseti ya Pride kwenye pikapu, karatasi ya jalada ililiwa na panya. Miaka yote nilijua ni Mzungu. Niko kidato cha tatu ndipo nikaona picha, nikakimbia kumwambia: baba, huyu ni mweusi! Akasema, "Kwani ulidhani namsikiliza nani?"

Binti Mvita: Umeona? Hata wewe walikuficha.

Mzee Kaseti: Panya, mwanangu. Si RCA.

Mwalimu Tom: Jamani, hoja. Detroit alipotokea jukwaani makofi yalikatika. Akajitania kwamba yeye jua lilimbabua moja kwa moja, wakacheka, akaimba. 1971 wale wa CMA, chama cha muziki wa kantri, wakampa mtumbuizaji bora wa mwaka.

Binti Mvita: Kwa hiyo tiketi wamelipia nyimbo, rangi yake ajicheke bure? Na DeFord Bailey, mweusi, alipuliza kinanda cha mdomo Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha kantri, tangu miaka ya 1920. Walishawaona!

Mkulima wa Molo: Wakamfukuza 1941. Asante kwa kunisaidia. Na ile ya matanga bado hujaomba radhi.

Binti Mvita: Siombi. Redioni ndiyo, lakini RCA wenyewe walimwona studio.

Chepkube: Jumamosi tunazika shosho. DJ anataka orodha leo. Nimwekee Pride?

Mkulima wa Molo: Weka. Binti Mvita asijue.