Baba yake bibi kaandikwa "Mnyasa", sisi tunajijua Wagiriama. Nianzie wapi?

Bint_Kengeleni:
Habari za jioni wadau. Bibi mzaa mama alifariki mwaka jana. Kwenye sanduku lake la bati tukakuta cheti cha ubatizo kimekunjwa mara nne, mkunjo mmoja umekula tarehe. Kinachosomeka ni mahali, Frere Town, na jina la baba: Yohana. Pembeni, kwa wino uliofifia: "Mnyasa". Miaka yote tunaambiwa sisi ni Wagiriama! Nikiuliza, wajomba wanabadilisha mazungumzo. Nilienda ofisi moja ya usajili, karani hata macho hakuinua: "Huyo hayupo." Tunakadiria Yohana alizaliwa kabla ya 1890. Kuna njia, au nifunge faili?

Mzee_wa_Mafaili:
Pole kwa msiba, mwanangu. Karani kakosa adabu tu, jibu lake ni sahihi. Usajili wa vizazi haukuwa lazima kwa Waafrika wa zama hizo. Ulikamilika kuenea Kenya nzima 1971, kwa hiyo Yohana humpati huko hata ukeshe mlangoni.

Daftari lake ni la kanisa. Frere Town, huko Kisauni, Mombasa, ilianzishwa na wamisheni wa CMS (chama cha kimisheni cha Kianglikana) mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Na "Mnyasa" usilichukulie kama kabila moja. Waliitwa hivyo watu waliotolewa pande za Ziwa Nyasa, wa makabila mbalimbali. Nenda Kanisa la Emmanuel la hapo Frere Town, anza na wazee wa kanisa ndipo umwone kasisi. Usiulizie "ukoo wa Yohana", kina Yohana mle ni utitiri. Chukua namba ya cheti na majina ya wasimamizi wa ubatizo, uwafuate hao. Kwetu sisi msimamizi ndiye aliyetufikisha kwa babu. Jina la babu lenyewe lilikuwa limeandikwa kwa namna tatu.

Chipukizi254:
Si upime DNA tu dada, uokoe nauli?

Mzee_wa_Mafaili:
DNA inaweza kumdokezea pande ukoo ulikotoka, na binamu kama nao wamepima. Nani alimsimamia Yohana kwenye ubatizo, haimwambii.

Mrabai_Asilia:
Usiishie Kisauni, vuka uje Rabai, kaunti ya Kilifi. Huku walikimbilia watumwa watoro, na tarehe 1 Januari 1889 Mackenzie wa Kampuni ya Kifalme ya Waingereza ya Afrika Mashariki (IBEA) aligawa hati za uhuru kwa watu zaidi ya 1,400, mabwana wao wakalipwa fidia. Watu wa Rabai na Frere Town wameoana sana. Na Ugiriama wenu si lazima uwe uongo: kule Fuladoyo watoro waliishi pamoja na Wagiriama. Kwenye makaburi tafuta vijana wanaojitolea kupiga picha mawe yaliyochakaa. Nenda asubuhi, jua likiwa la upande, herufi zinajitokeza. Saa sita huoni kitu.

Dada_Moi_Avenue:
Ukija Nairobi, ingia Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Beba kitambulisho, ada ndogo ya msomaji na penseli. Omba mafaili yanayoanza na PC/COAST, yaani ya Mkuu wa Mkoa wa Pwani. Barua za wamisheni wenyewe ziko Uingereza, maktaba ya Cadbury, Chuo Kikuu cha Birmingham. Waandikie, ila taja kituo na miaka. FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba, pia ni bure, na kuna watu wanaojitolea kunakili majina humo. Ukikosa leo, rudi baada ya miezi kadhaa.

Bint_Kengeleni:
Asanteni sana wazee wangu. Cheti nimekitazama tena kwa tochi ya simu: msimamizi yupo! Jina la kwanza Petro, la pili bado nalipambanua.

Halafu nimempigia mjomba mkubwa, nikamtajia tu "Mnyasa". Kimya. Nikadhani simu imekatika. Kisha: "Nani kakwambia?" Kumbe anajua. Jumamosi naenda kwake na simu ya kurekodia. Kaniagiza ugoro, na nije peke yangu.