Kufuatilia historia ya kituo cha TV cha nguvu ndogo Marekani

Swali: Wakuu, nianzie wapi?

Jibu: Anza na jina la utambulisho la kituo (call sign), mkuu. Likianza na K, kwa kawaida ni magharibi ya Mto Mississippi, W mashariki. Herufi hiyo ikifuatwa na tarakimu mbili, hizo ni chaneli. FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, ilianzisha leseni za vituo vya nguvu ndogo 1982. Kabla yake mitambo midogo ilirudia tu matangazo ya vituo vikubwa. Angalia sana: kituo kikihamia chaneli nyingine, jina lenye tarakimu hubadilika. Wengi hupotelea hapo.

Jibu: Mkia wa jina nao usome. -CD ni kituo cha daraja A (Class A), linalolindwa kwa sheria ya 1999. -LD ni kituo cha kawaida cha nguvu ndogo, hakina ulinzi huo: kituo kikubwa kikiitaka chaneli, kidogo huhama au huzima.

Jibu: Chaneli 6 ya analojia, sauti yake ilinaswa redioni, 87.75 MHz. Tafuta hata kwenye orodha za redio.