Mashamba ya barabara ya Kasenga yanakuwa palseli, viwanja vya kujenga: mji uzuiwe?

Mtoto wa Kasenga: Jumamosi nilienda kumwona shangazi, barabara ya Kasenga. Pale tulipovuna mahindi nikiwa mdogo sasa ni vigingi na kamba, kila kipande mita 20 kwa 25. Shefu wa kijiji ametia sahihi, mpimaji amepokea chake, na pesa za shangazi hazikufika hata mvua ya pili. Annexe, komini ya pembeni, imeuzunguka mji wote wa Lubumbashi, hapa Kongo, na ndiyo inayoliwa kila siku. Nauliza: mji uzuiwe kwenda mashambani, ama tuendelee kungoja unga wa Zambia pale mpakani Kasumbalesa?

Fundi wa Ruashi: Uzuiwe, sisi tulale wapi? Nina watoto 5, kodi inapanda kila mwaka. Nilinunua Annexe kwa sababu katikati ya mji sikuweza. Tena tusidanganyane: hizo lenga-lenga, mchicha wa mabondeni, zimejaa sumu ya viwanda. Afadhali nyumba.

Mama Matuta: Sumu? Papa, mimi nimeuza lenga-lenga soko la komini yetu ya Kenya, hapa Lubumbashi, miaka 19. Saa kumi usiku niko bustanini, nachota maji kisimani na ndoo niliyotoboa matundu kwa msumari, tuta moja ndoo nne. Mboga hizo zimesomesha watoto wangu wote. Unaziita sumu mbele ya wateja wangu?

Mzee wa Katuba: Turudi kwa ardhi. Sheria ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali peke yake. Karatasi ya shefu si sertifika, hati ya Serikali. Wanaonunua leo watalia kesho.

Mwanafunzi Kasapa: Mama, usikasirike, Fundi hakutunga. Watafiti wa Chuo Kikuu chetu cha Lubumbashi wamepima shaba na kobalti kwenye udongo na kwenye mboga. Kiwanda cha hapa mjini kilianza kuyeyusha shaba 1911, na upepo ukasukuma moshi kaskazini-magharibi miaka na miaka. Upande wa Penga Penga kuna mahali udongo uko mtupu, bila majani, mpaka leo.

Mama Matuta: Basi sumu imetoka kwenye bomba la moshi, haikutoka kwenye jembe langu! Mbona mwenye bomba hatajwi, anatajwa mwanamke mwenye ndoo? Na udongo ukiwa na sumu, mtoto anayecheza uani kwenye palseli hiyo hiyo hauvuti?

Fundi wa Ruashi: Yaya, dada yangu, sikukutaja wewe. Nilisema mabondeni.

Mama Matuta: Bondeni ndipo nilipo.

Mwanafunzi Kasapa: Hilo la mtoto uani ni kweli kabisa. Vumbi linaingia mdomoni. Nyumba haisafishi udongo.

Mzee wa Katuba: Mmesahau 2016, Zambia iliposimamisha kuuza mahindi nje? Bukari, ugali wetu, ikawa ya kuhesabiana vijiko. Makampuni ya migodi yaliwahi kuambiwa yalime mahindi. Mashamba yao yako wapi?

Fundi wa Ruashi: Mzee, ulisema tutalia kesho. Mimi nililipa shefu, nikalipa mpimaji, nikalipa ofisini, kila mmoja akanipa karatasi yake. Nani aliniambia ile moja ndiyo inayohesabika? Mwenye kujua sheria anakaa kimya mpaka maskini amalize kujenga.

Mtoto wa Kasenga: Ndugu zangu, niliuliza kuhusu mashamba. Shangazi yangu amekuwa wa kununua unga kwa kikombe, yeye aliyekuwa anatugawia magunia. Hilo hamkulijibu.

Mama Matuta: Mwanangu, mwambie aje, nitampa matuta mawili. Mvua ikiisha bonde linashika unyevu, atavuna kabla ya Agosti. Lakini aje haraka, vigingi vimefika hapo juu ya bustani yangu.

Fundi wa Ruashi: Yaya, kisima chako kina mita ngapi? Palseli yangu inatazama bonde, sijachimba bado.

Mama Matuta: Mita 6. Na choo, umechimba upande gani?