Tupeane uzoefu: paka wa kituo aliyekutoa jasho kabla hajapata mwenyewe

Bibi Manyoya
Wakuu, habari za saa hizi. Kituo cha paka wasio na mwenyewe kimenipigia: jike na vitoto vyake vitatu, vizimba vimejaa, je, nina nafasi? Nikasema ndiyo kabla sijauliza hata umri wao. Nimekata simu ndipo nikamkumbuka kijivu mmoja niliyewahi kumlea. Alihamia nyuma ya mashine ya kufulia, kila nikiingia ananifokea hhhss, ikafika mahali nabisha hodi bafuni kwangu mwenyewe.

Hebu tupeane uzoefu. Wewe ni paka gani wa kulea kwa muda aliyekutoa jasho kabla hajapata mtu wa kumchukua moja kwa moja?

Kucha Fupi
Kubisha hodi bafuni 😂😂 Wangu alikaa juu ya kabati la nguo. Nilikuwa navaa huku nimekaziwa macho.

Zamu ya Usiku
Nyie mnaolea wa kufoka mna raha. Mimi huletewa ambao hata macho hawajafumbua, na mada hii imenirudisha kwenye usiku mmoja mbaya sana.

Waliletwa wawili ndani ya boksi la viatu, kitovu bado kinaning'inia. Mmoja analia kwa nguvu zote. Mwenzake kimya, ukimshika wa baridi, shingo imelegea, ufizi mweupe. Nyumba nzima ikanijia juu: mpe maziwa, mpe maziwa, anakufa! Nikawaambia anayeleta hiyo chupa atatoka nayo. Kitoto kilichopoa hakipewi maziwa. Tumbo lake limesimama, kumeza hakiwezi sawasawa, maziwa yanaishia kwenye mapafu. Kwanza joto, tena joto la polepole. Nikamtia kifuani ndani ya nguo, ngozi kwa ngozi, ubavuni nimeweka chupa ya maji ya moto niliyoizungushia taulo. Ufizi nikaupaka tone la maji ya sukari. Saa nzima na ushee niko hivyo, namsugua mgongo kwa kidole kimoja, nasikiliza kama bado anapumua.

Mara nikahisi kitu kinanitekenya. Kucha. Alikuwa anakanyagakanyaga kifua changu anatafuta ziwa. Nikamtia ncha ya kidole mdomoni, ulimi ukajikunja, akavuta. Hapo sasa ndipo nikataka chupa, naye kalala kifudifudi, si chali. Akimaliza unamfuta huku chini kwa pamba yenye maji ya vuguvugu mpaka akojoe, maana umri ule hawawezi wenyewe.

Mzani wa jikoni ulisoma gramu 92. Asubuhi yake 90, nikakata tamaa. Ikafuata 101. Kitoto mzima wa afya huongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku, kwa hiyo nilipoiona ile 101 nilikaa chini sakafuni nikacheka peke yangu.

Ila yule aliyekuwa analia kwa nguvu, ambaye hakuna aliyemhofia, ndiye aliyekufa alfajiri. Na saa ya maziwa ilikuwa imefika. Nikamfunga kwenye kitambaa, nikanawa mikono, nikakoroga maziwa ya mmoja.

Kucha Fupi
Pole sana. Hapo kwenye maziwa ya mmoja nimeshindwa kuendelea kusoma.

Shahidi
Wachanga hawana dhamana. Tupo pamoja.

Mzee wa Busara Kidogo
Mnawadekeza tu. Paka wetu walikunywa maziwa ya ng'ombe miaka yote na wakazeeka.

Zamu ya Usiku
Unaowakumbuka ni hao waliozeeka. Maziwa ya ng'ombe yanawaharisha, na kitoto cha gramu 100 kikiharisha kinakauka maji ndani ya saa chache. Kuna maziwa ya unga ya watoto wa paka, tumia hayo.

Mzee wa Busara Kidogo
Sawa daktari.

Zamu ya Usiku
Mimi si daktari. Nimezika tu.

Fundi Dari
Ngojeni niwape ya kwangu. Nililetewa jike na vitoto vinne vya wiki tatu hivi. Jike limekamatwa mtaani, halijawahi kuguswa na mtu. Nikawapa chumba kidogo, mambo yakaenda vizuri. Siku moja akaja fundi wa umeme, kafungua dari, kaondoka kaacha tundu wazi. Narudi nyumbani vitoto vinalia, mama hayupo. Nikaangalia juu ya kabati, hayupo. Nikainua uso zaidi, naona macho mawili ya kijani yananitazama toka kwenye tundu. Kisha yakapotea, nikasikia hatua juu ya kichwa changu, tap tap tap, zinaelekea mwisho wa nyumba.

Itaendelea, naitwa.

Kucha Fupi
Itaendelea??? Mkuu rudi hapa.

Mama Vinyau
Tukiwa tunamngoja Fundi, nirudi kwenye mada. Watu wengi wanasubiri kitoto "kikue kidogo" ndipo wakizoeshe. Umri wanaopokea watu kirahisi ni kati ya wiki ya 2 na ya 7 hivi. Baadaye wanazoea pia, ila kwa jasho. Nikipata wa wiki 5 au 6 wanaofoka, siwaachii chumba kikubwa. Nawaweka bafuni au kwenye kizimba kipana, uvungu nimeuziba, pa kujificha ni kwenye boksi nililowawekea mimi. Chakula hakikai pale kutwa, kinakuja na mimi. Nyama laini iliyosagwa, kwenye ncha ya kijiko chenye mpini mrefu. Anafoka, analamba, anafoka tena mdomo umejaa nyama. Kila mlo nashika kijiko karibu zaidi na ncha, mwisho nyama iko kwenye kidole. Akiwa anakula ndipo namgusa, shavuni na chini ya kidevu. Juu ya kichwa hapana, kwake mkono unaoshuka toka juu ni mwewe.

Na mkizoesha msiishie kwenu ninyi wenyewe. Asikie sauti nzito, asikie mashine ya kufyonza vumbi kwa mbali, ashikwe makucha, afunguliwe mdomo, alale ndani ya kizimba cha kubebea mlango ukiwa wazi. Atakayemchukua si wewe.

Taratibu Ndiyo Mwendo
Hiyo ya bafuni naipinga. Utafiti wa Utrecht, Uholanzi, wa 2014 ulionyesha paka wapya wa kituo waliopewa boksi la kujificha walitulia mapema kuliko wasiopewa. Mimi hukaa sakafuni, nasoma kwa sauti ya chini, simkazii macho. Akinitazama nafumba macho polepole, nafumbua. Hata hilo limepimwa, Chuo Kikuu cha Sussex, 2020: paka walikuwa tayari zaidi kumsogelea mgeni aliyewafumbia macho hivyo kuliko aliyekausha uso.

Mama Vinyau
Neno "boksi" liko kwenye andiko langu, rudi usome. Kwa paka mzima niko na wewe. Huyu wa wiki 6 ukimngoja kwa kusoma kitabu, ukifika sura ya mwisho umri umeshampita.

Kucha Fupi
Mimi nimefanya yote mawili na bado kitoto nilicho nacho sasa kinauma mikono.

Taratibu Ndiyo Mwendo
Mnacheza naye kwa vidole?

Kucha Fupi
Mimi sichezi. Mume wangu ndiye.

Mama Vinyau
Mviringe mume kwenye taulo basi. Mkono si mdoli, tumieni kijiti chenye kamba. Leo anauma kwa meno ya sindano mnacheka, akifika miezi 8 mtamrudisha kituoni mkisema mkali.

Taratibu Ndiyo Mwendo
Hapa sina ubishi.

Fundi Dari
Nimerudi. Mama yuko darini, vitoto vina njaa. Nikajaribu chupa, viwili vikanyonya, viwili vikatema. Ushauri ukamiminika: panda umfuate, mpulizie maji, mwekee ngazi atashuka. Paka wa namna ile ukimfuata darini unamsukuma mbali zaidi, na akikuuma unaishia hospitali. Nikampigia dada mmoja wa kituoni aliyekamata paka miaka na miaka. Akaniuliza swali moja tu: "Vitoto vinalia?" Nikamwambia vinalia. Akasema, "Vizuri. Usivishibishe vyote."

Simu inazima, nitamalizia.

Shahidi
Simu inazima!!!

Mzee wa Busara Kidogo
Jamaa anatuuzia tamthilia.

Choa
Wangu hakufoka hata mara moja. Alimpenda kila mtu, akalala shingoni kwa kila mtu, nyumba nzima tukapata choa. Ni kuvu, wengine hudhani ni minyoo. Kabla hujamkumbatia mgeni mwangalie masikioni na usoni kama ana mabaka yaliyonyonyoka.

Wiki Mbili
Ndiyo maana mgeni anatengwa wiki 2, hata awe mzuri vipi. Kuna kitoto kililetwa kwangu asubuhi kinakula na kuruka, jioni nakikuta kimeinamia bakuli la maji, kidevu kinagusa maji, hakinywi. Nikajua. Panlukopenia, parvo ya paka, ugonjwa hatari wa kirusi. Sitaeleza zilizofuata. Kirusi kile kinaweza kukaa ndani ya nyumba hadi mwaka, na spiriti haikiui, hivyo hicho kimiminika cha kupaka mikono kinawadanganya. Dawa ya maji ya klorini ya kufulia, kipimo 1 kwa vipimo 32 vya maji, baada ya kuosha uchafu kwanza, na kitu chochote kisichoosheka kinatupwa. Chanjo inaanza wiki ya 6 hadi 8, kisha inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka apite wiki 16. Mwaka mzima uliofuata nilipokea wakubwa waliochanjwa tu.

Shahidi
Hii ya kuinamia maji nimewahi kuiona. Sikujua ndiyo yenyewe.

Fundi Dari
Haya, malizio. Dada alikuja na mtego wa kizimba, ule mrefu wa mlango wa kuanguka. Tukauweka sakafuni. Nyuma yake, mgongo kwa mgongo, tukaweka kizimba kidogo chenye vile vitoto viwili vilivyogoma chupa, na chupa ya maji ya moto chini ya blanketi lao. Kisha shuka moja juu ya vyote, ili mama akichungulia aone handaki moja, watoto wake wako mwisho. Taa tukazima. Tukakaa ukumbini na wale wawili wengine ndani ya sweta la dada. Hakuna aliyeongea.

Usiku ukawa mwingi. Nikasikia kitu kimetua juu ya kabati. Kimya. Kikatua sakafuni. Vitoto vikasikia harufu yake, kelele ikapanda. Kimya tena, kirefu, mpaka nikadhani amerudi juu. Halafu KLAK. Akarusha mwili pande zote, dada akaingia akashusha shuka mpaka chini, akatulia. Tulipomrudishia wote wanne kwenye kizimba kikubwa alilala ubavu akawanyonyesha huku ananifokea mimi.

Vitoto vyote vilipata watu vilipofika wiki 9. Mama hakuniruhusu nimguse mpaka mwisho. Alifungwa uzazi, akakatwa ncha ya sikio iwe alama kwamba ameshafungwa, akarudishwa alikotoka, kwa mtu aliyekuwa akimlisha.

Bibi Manyoya
Ee! Baada ya yote hayo umemrudisha nje?

Fundi Dari
Nje ndiko kwake.

Kucha Fupi
Wangu wa juu ya kabati alikuwa hivyo hivyo. Mwaka umepita, sasa analala miguuni pangu.

Mama Vinyau
Hongera. Na mwaka huo ulilea wengine wangapi?

Kucha Fupi
Hakuna. Chumba kilikuwa chake.

Mama Vinyau
Basi hesabu ni hiyo. Simlaumu yeyote.

Kucha Fupi
Mbona inasikika kama unanilaumu.

Mzee wa Busara Kidogo
Swali la kweli sasa, si ubishi. Nilienda kuchukua kitoto kimoja, mlezi akanikatalia, ati wawili au nisichukue. Kwa nini?

Taratibu Ndiyo Mwendo
Kitoto kikikua peke yake hakina wa kukionyesha kwamba kimeuma mno. Mwenzake hulia na kuacha mchezo, kinajifunza. Kisicho na mwenzake kinajifunzia kwenye kifundo cha mguu wako saa tisa za usiku. Ila kama nyumbani una paka anayependa wenzake, mmoja anatosha.

Mzee wa Busara Kidogo
Ninaye. Ana miaka 15.

Mama Vinyau
Basi wawili. Wasumbuane wenyewe, mzee alale.

Mzee wa Busara Kidogo
Mzee paka au mzee mimi?

Choa
Wote.

Zamu ya Usiku
Siku ya kumkabidhi, mpeni anayemchukua kitambaa alicholalia, kisifuliwe. Na mchanga wa choo ule ule, na chakula kile kile kwa siku za mwanzo, akitaka kubadilisha achanganye kidogo kidogo. Mwambieni aanze na chumba kimoja, si nyumba nzima.

Wiki Mbili
Na karatasi ya chanjo, tarehe ya inayofuata umeizungushia duara.

Shahidi
Usimpe namba yako ya simu. Mimi nilimpa mmoja, alinipigia usiku wa manane ananong'ona, ati paka anatetemeka na kutoa sauti kifuani. Nikamwambia mama, anakoroma kwa raha, kalale.