Lugha ya Meroe inasomeka kwa sauti, mbona haieleweki?

Mwanajumuiya wa Tabata

Ndugu zangu, habari za jioni. Wiki iliyopita, katika jumuiya yetu huku Tabata, tulisoma Matendo ya Mitume sura ya 8, habari za yule towashi aliyetunza hazina ya Kandake, malkia wa Kushi. Bibi mmoja akauliza huyo Kandake alizungumza lugha gani na kama lugha hiyo bado ipo, na hakuna aliyekuwa na jibu, basi nikaahidi kulitafuta. Nimekuta kwamba ufalme wa Kushi ulikuwa kando ya Mto Nile katika Sudan ya leo, kwamba mji mkuu wake wa baadaye uliitwa Meroe, na kwamba watu wake walikuwa na maandishi yao wenyewe, ambayo Mwingereza Francis Llewellyn Griffith alifanikiwa kuyasoma kati ya mwaka 1909 na 1911. Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu nilipoendelea kusoma niliambiwa kwamba lugha yenyewe haijaeleweka mpaka leo. Maandishi yamesomwa kwa zaidi ya miaka mia, halafu lugha haieleweki, inawezekanaje?

Jambo la pili ni kwamba wapo wanaodai kuwa lugha hiyo ilikuwa ya Kibantu. Nimeona kwamba neno lao la maji ni *ato*, nami nikakumbuka *mto* wetu. Naomba mwenye ujuzi anifafanulie, maana Alhamisi nitasimama mbele ya wazee na sipendi kuwaambia jambo lisilo la kweli.

Mwalimu mstaafu, Chang'ombe

Ndugu yangu wa Tabata, swali la bibi ni zuri, nami nitalijibu kwa kirefu kidogo kwa kuwa ni jambo ninalolipenda tangu nikiwa kijana.

Kusoma herufi ni kazi moja na kuelewa lugha ni kazi nyingine. Maandishi ya Meroe yana alama 23 tu, na yako kwa namna mbili: ile ya michoro iliyoazimwa Misri, iliyotumika zaidi mahekaluni na kwa wafalme, na ile ya mkato, iliyoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mpangilio wake utampendeza mtu yeyote anayezungumza Kiswahili, kwa sababu alama ya konsonanti peke yake husomwa pamoja na irabu *a*, na mwandishi akitaka irabu nyingine huongeza alama yake baada ya ile ya konsonanti. Maneno hutengwa kwa nukta mbili au tatu. Kwa sababu ya urahisi huo, mwanafunzi makini anaweza kujifunza kuyasoma kwa sauti katika muda mfupi.

Griffith alipataje sauti hizo? Msafara wa Mjerumani Lepsius, katika miaka ya 1840, ulikuwa umechukua kutoka Wad ban Naga, huko Sudan, kitako cha jiwe cha kuwekea jahazi takatifu la mungu, kikapelekwa Berlin. Juu ya kitako hicho majina ya mfalme Natakamani na malkia Amanitore yameandikwa kwa Kimisri na pia kwa michoro ya Meroe. Kwa kuyalinganisha, na kwa kuongeza majina ya miungu na ya miji ambayo tayari yalijulikana katika maandishi ya Misri, akapanga alama moja baada ya nyingine mpaka akamaliza. Lakini zingatia kwamba kilichoandikwa kwa lugha zote mbili pale ni majina. Jina la mtu hukupa sauti, halikupi sarufi wala maana ya kitenzi.

Mfaransa Champollion alipofumbua michoro ya Misri mwaka 1822, alikuwa na jiwe la Rosetta lenye habari ndefu iliyoelezwa pia kwa Kigiriki, na zaidi ya hapo alikijua Kikopti, ambacho ni mtoto wa Kimisri cha kale na bado kinasaliwa makanisani. Lugha ya Meroe haikuacha mtoto. Ufalme ulianguka katika karne ya 4, na mojawapo ya maandishi ya mwisho tuliyonayo, ya mfalme Kharamadoye katika hekalu la Kalabsha, ni ya karne ya 5. Baada ya hapo Wanubi waliandika kwa alfabeti ya Kikopti, wakabakiza herufi tatu tu za Meroe.

Sasa tuje kwenye kile tulichobaki nacho. Sehemu kubwa ni maandishi ya makaburini. Chukua meza moja ya sadaka, ya jiwe la mchanga, mfano wa zile zilizofukuliwa Karanog. Katikati utaona mungu Anubis na mungu wa kike wakimimina maji, na pembeni yao imechongwa mikate. Ukingoni maandishi yanazunguka meza yote. Yanaanza kwa kuwaita Isis na Osiris, miungu ya Misri, ambao kwao ni *Wos* na *Asori*, halafu jina la marehemu, halafu mama aliyemzaa na baba yake, na mwisho dua. Humo katika dua ndimo yalimo maneno *ato mhe* na *at mhe*, maji mengi na mkate mwingi. Griffith aliyatambua kwa kutazama picha: maji yanamiminwa na mikate imepangwa, na katika kila kaburi dua ni ile ile.

Fikiria basi kwamba Kiswahili kimekufa, na kilichobaki ni makaburi ya Kinondoni peke yake. Msomi wa miaka 2000 ijayo angejua haraka sana neno *kuzaliwa* na neno *kufariki*, angejua *mama*, *mtoto*, *pumzika* na *amani*. Mawe elfu moja yangempa maneno yale yale mara elfu moja. Lakini *daladala*, *embe*, *kuchelewa*, *kudai chenji* na *kama ningalijua* asingeviona popote, na siku akiletewa barua moja ya kawaida ya mtu wa Mbagala kwa dada yake, angeisoma kwa sauti kuanzia juu hadi chini bila kujua kama ni habari ya harusi au ya deni.

Barua ya namna hiyo tunayo. Mwaka 1914, huko Hamadab karibu na Meroe, lilipatikana bamba kubwa la jiwe ambalo sasa liko katika Makumbusho ya Uingereza. Majina ya malkia Amanirenas na ya Akinidad, mkuu aliyekuwa pamoja naye, yanasomeka bila shaka yoyote, na kwa kuwa inajulikana kwamba katika miaka ya 20 kabla ya Kristo Kushi ilipigana na Warumi, wengi wametamani kuona humo habari za vita hivyo jinsi Wakushi wenyewe walivyoisimulia. Mstari kwa mstari tunaweza kulitamka, lakini masimulizi yenyewe yanatuponyoka. Kwangu mimi hilo ndilo linaloumiza kuliko yote, maana habari za vita hivyo tumezipata kwa Warumi na Wagiriki, na neno la upande wa pili liko mbele ya macho yetu.

Ustadhi wa Buguruni

Nimshukuru mwalimu, nami niongeze mfano mmoja kwa ndugu wa Tabata. Wengi wetu tuliopita madrasa tulihitimu Kurani tukiwa watoto wa miaka tisa au kumi, tukisoma kwa tajwidi, kila herufi katika makhraji yake, na hatukujua Kiarabu. Maana tuliipata baadaye kwa sababu walikuwepo walimu, tafsiri na kamusi. Anayesoma maandishi ya Meroe yuko pale tulipokuwa sisi siku ya kuhitimu, ila yeye hana mwalimu wa kumwendea.

Mwanajumuiya wa Tabata

Nimeelewa vizuri sana, mwalimu na ustadhi, Mungu awabariki. Nilikuwa nadhani ni uzembe wa wasomi. Bado nasubiri lile la *ato* na *mto*.

Mwalimu mstaafu, Chang'ombe

Samahani, nilijisahau kwenye makaburi. Hapo naomba tuwe waangalifu, kwa sababu kufanana kwa neno moja hakuthibitishi udugu. Katika *mto*, hiyo *m* ni kiambishi, ndiyo maana wingi wake ni *mito*, kwa hiyo kinachobaki cha kulinganisha ni *-to* tu, na silabi moja inaweza kufanana na kitu chochote duniani. Udugu wa lugha huthibitishwa kwa mfuatano wa sauti unaojirudia. Sisi tunasema *njaa*, Msukuma anasema *nzala*. Sisi *mvua*, yeye *mbula*. Mahali ambapo Msukuma ana *l* katikati ya irabu, sisi mara nyingi tumeidondosha, na jambo hilo linajirudia katika maneno mengi mno kiasi kwamba haliwezi kuwa la bahati. Kwa *ato* na *mto* hakuna mfululizo wa namna hiyo. Isitoshe, sarufi kidogo inayojulikana ya Meroe inaweka alama zake mwishoni mwa neno: wingi huonekana katika *-leb* inayokuja nyuma, wakati sisi wingi wetu uko mbele, *mtu* na *watu*.

Mtu aliyefanya kazi hiyo ya kulinganisha kwa subira ni Mfaransa Claude Rilly, hasa katika vitabu vyake vya mwaka 2007 na 2010. Yeye anaiweka lugha ya Meroe pamoja na Kinubi, Kinara cha Eritrea, Kitama cha mpakani mwa Chad na Sudan, na lugha za Nyima katika Milima ya Nuba. Mfano mmoja ni *wle*, mbwa, ambalo katika Kinubi cha Dongola ni *wel*. Wapo wanaompinga na kuielekeza kwenye jamii moja na Kimisri na Kiarabu, lakini nikiulizwa mimi, hoja za Rilly ndizo zenye uzito, kwa kuwa zinasimama juu ya sauti zinazojirudia. Vyovyote iwavyo, ni lugha ya Kiafrika iliyoandikwa na Waafrika kabla ya Kristo, na heshima yake haihitaji kuongezewa kwa kuiita ya Kibantu.

Binti wa Upanga

Naomba kuuliza kama kuna matumaini. Nasikia tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 makumbusho ya taifa pale Khartoum yameporwa, na nimesikitika mno, maana jiwe likishapotea kabla halijapigwa picha nzuri, neno lililokuwa humo limekwenda.

Mwalimu mstaafu, Chang'ombe

Umesema kweli, binti yangu. Nafuu ndogo iliyopo ni kwamba maandishi mengi yalikwisha kukusanywa katika orodha kubwa aliyoianzisha Mfaransa Jean Leclant, yakiwa na picha na namba. Matumaini yapo, kwa sababu makaburi ya Sedeinga, huko huko Sudan, yaliendelea kutoa mawe mapya hadi miaka ya karibuni. Tunachohitaji ni habari moja ndefu iliyoandikwa kwa lugha ya Meroe pamoja na Kimisri au Kigiriki, na haiwezekani kusema kwamba haiko chini ya mchanga.

Mwanajumuiya wa Tabata

La mwisho, mwalimu, ili nisiaibike Alhamisi. Kandake ni jina la huyo malkia, na Wakushi wenyewe waliliandikaje?

Mwalimu mstaafu, Chang'ombe

Ni cheo, kama vile *Farao*, kwa hiyo waambie wazee kwamba wanawake kadhaa walikuwa nacho, akiwamo Amanirenas niliyemtaja. Cheo cha mtawala mwenyewe kilikuwa *qore*. Neno la Kandake katika mawe ni *kdke*, na pengine *ktke*, bila *n*, kwa sababu waandishi wa Meroe hawakuiandika *n* inapotangulia konsonanti. Sisi tunaijua kwa vile Wagiriki waliisikia na kuiandika. Ustadhi atakumbuka kwamba hata wazee wetu wa mwambao, walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mara nyingi waliandika *b* peke yake mahali pa *mb*, na *d* peke yake mahali pa *nd*, wakimwachia msomaji aijazie mwenyewe kwa kuwa aliijua lugha.

Ustadhi wa Buguruni

Ni kweli kabisa. Marehemu babu yangu aliandika hesabu zake za duka hivyo hivyo, na mpaka leo kuna mistari katika daftari lake ambayo sisi wajukuu tunaisoma bila kuwa na hakika ilikusudia neno gani.