Wanafunzi wanakadiria desimali mara mbili, niwafundisheje?

Wadau, naomba ushauri. Watoto wa darasa la sita hapa Mwanza kanuni wanaijua: tazama tarakimu inayofuata, ikiwa 5 au zaidi ongeza 1, chini ya hapo iache. Sasa wape sangara wa mwalo wa Kirumba, kilo 2.346, wakadirie kwa nafasi moja ya desimali. Wanaanzia nyuma: 2.35, halafu 2.4. Jibu ni 2.3, maana anayeamua ni 4 peke yake. 6 haina kauli. Na 4.96 wanaandika 4.10 badala ya 5.0, hiyo nayo!

Mstari wa namba unaonyesha wazi kuwa 2.346 haijafika 2.35, ila unakula kipindi kizima. Mnaanza nao, au kufunika tarakimu za nyuma kwa kidole kunatosha?