Mnaonunua mbayuwayu wa ulimbo ili mpige picha, acheni!

Jambo yenu. Nimekaa na hasira hii tangu Jumamosi na leo naitoa yote.

Jumamosi alfajiri nilikuwa kwenye matete, bondeni upande wa barabara ya Kipushi, nje ya Lubumbashi, nangoja mwanga. Mvua zimeshashika, kumbikumbi wanatoka, mbayuwayu wamejaa tele. Akafika bwana mmoja na gari, kamera ina lenzi ndefu kama mkono wangu. Hata dakika kumi hakungoja. Aliita mtoto, akampa franga 500, mtoto akamletea mbayuwayu aliyenaswa kwa ulimbo, kafungwa uzi mguuni. Wakamweka juu ya kijiti. Bwana akapiga picha zake, akawasha gari, akaenda. Ndege akabaki palepale, kafungwa.

Nilimchukua mimi. Mgongo wa buluu unang'aa, koo lina rangi ya tofali lililochomwa, na moyo unanipigapiga kwenye vidole. Ana gramu 20 hivi, hafiki nusu ya yai la kuku! Hawa huzaliana kaskazini, hadi Ulaya, na baridi inapoanza kumaliza wadudu kule, wanavuka Sahara kuja kula huku kwetu. Kilichoniumiza zaidi nilikiona nilipomfungua bawa. Kando ya manyoya makuukuu yaliyopauka kulikuwa na unyoya mpya unachomoza, bado umo ndani ya ala yake. Mbayuwayu hubadilisha manyoya ya mabawa akiwa Afrika, machache machache, kwa miezi, na hayo mapya ndiyo ya kumrudisha kwao mwezi wa tatu au wa nne. Nyumbani nilijaribu kulainisha ulimbo kwa mafuta ya kula. Ule unyoya mpya ukang'oka na damu. Jioni nilimkuta amekufa ndani ya boksi.

Franga 500!

Mtoto simlaumu, kwao hela hiyo ni kitu. Namlaumu mtu mzima aliyempa mbayuwayu bei. Wiki ijayo bonde lile litakuwa na watoto kumi wenye ulimbo, wote wanasubiri gari.

Na korongo weupe je? Mwaka jana niliona watu wanaowatupia mawe saa moja asubuhi, eti picha ya ndege anayeruka inapendeza zaidi. Korongo hupanda juu kwa kubebwa na hewa ya moto inayotoka ardhini. Asubuhi ardhi bado baridi, ndiyo maana anakaa chini kungoja jua. Ukimfukuza saa hiyo anapiga mabawa kwa nguvu zake tupu, ndege wa kilo 3 ambaye bado ana safari. Ungengoja hadi saa nne asubuhi angepaa mwenyewe mbele ya macho yako. Ndege huanza kuruka akielekea upepo unakotoka, kwa hiyo jifiche nyuma ya kichuguu, upepo ukupige mgongoni, naye atainuka uso ukiwa kwako. Vichuguu tunavyo hapa, vingine vinapita nyumba kwa urefu! Kinachotakiwa ni kukaa kimya saa mbili, tatu. Kama huna saa hizo, usitoke na kamera.

Nimesikia wanaojitetea kwamba ndege mmoja hapunguzi kitu katika maelfu. Mimi nimemshika huyo mmoja mkononi, msiniambie.

Na ile picha ya yule bwana wa Jumamosi imeshafika hapa kundini. Nimeiona jana, mmeisifu kweli, mwingine ameuliza lenzi ni ya bei gani. Ifungueni tena, muikuze. Manyoya ya tumbo yameshikamana vifungu vifungu, mdomo uko wazi, bawa la kulia linaning'inia, na chini ya mguu, pale alipofikiri ameficha kwa jani, kuna uzi mweupe.